Matundu Manne

Dokta Josiane alitoa kalamu mfukoni akatia nukta nne za buluu kwenye tumbo la mwanangu: moja kitovuni, moja chini ya kifua, mbili upande wa kulia. Kabla hajairudisha kalamu mfukoni, nilikuwa nimeitemea mate ncha ya kitenge changu na kuzifuta zote nne.

"Mama, unanitemea mate mbele ya watu," Djamali akalalamika. Ana miaka tisa na aibu za mtu wa thelathini.

"Nyamaza wewe."

Dokta hakukasirika, na hilo likanikera zaidi. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mzaliwa wa Lubumbashi, amekuja Kindu kwa wiki mbili na mashine yake ya kupasua watoto kwa kamera. Siku ya kwanza alitukusanya wazazi akatueleza: kamera nyembamba inaingia tumboni kwa tundu dogo, vyombo vinapita kwenye matundu mengine, na daktari anafanya kazi huku akitazama televisheni. Tumbo halifunguliwi. Wazazi wenzangu walipiga makofi. Mimi sikuwa nimesikiliza vizuri, kwa sababu nilikuwa nahangaika na dripu ya mtoto na simu ya mama yangu iliyokuwa inalia kila dakika tano. Neno lenyewe, matundu, lilinipita. Lilinifikia Alhamisi ile saa mbili asubuhi, nilipoziona nukta.

"Hautamutoboa mutoto yangu," nikamwambia. "Fungua tumbo. Fungua kabisa, toka hapa mpaka hapa, vile walikuwa wanafanya zamani. Ukikubali ninasaini sasa hivi."

Bibiche, muuguzi aliyekuwa anapima joto la Djamali, akacheka akidhani natania. Dokta hakucheka.

"Mama Djamali, bazazi bote banaombaka kovu kadogo. Weye unaomba kakubwa?"

"Kikubwa njo nataka."

Najua nilivyoonekana. Muuza vitenge wa soko la Kasuku, mwenye mdomo, anagombana na daktari kwa sababu hataki mtoto wake apone kwa urahisi. Basi nieleze, halafu anayetaka kunicheka acheke.

Mwaka 2002 mji wetu ulikuwa umezingirwa. Porini walikuwa wapiganaji wa Mayi-Mayi, mjini walikuwa askari walioushika mji, na katikati tulikuwa sisi, tunakula sombe, majani ya muhogo, bila ugali kwa sababu mashamba yalikuwa upande wa pili wa risasi. Vijana wa Mayi-Mayi walikuwa wanachanjwa: vijikato vidogo vya wembe kifuani na tumboni, dawa inasuguliwa ndani, ati risasi igeuke maji. Kila mtu alilijua hilo, na askari nao walilijua. Wakimshuku kijana walimwambia avue shati.

Mdogo wangu Ayoubu alikuwa na miaka kumi na sita na chanjo sita ubavuni kushoto. Hazikuwa za vita. Alipokuwa na miaka saba bandama lilimvimba kwa malaria, mama akanituma nimpeleke kwa mganga mmoja ng'ambo ya Lualaba, kama nusu ya watoto wa mji walivyopelekwa. Mimi nilikuwa na kumi. Mganga akaniambia nimshike vizuri. Nikamshika mikono yote miwili, na kadiri alivyolia ndivyo nilivyozidi kumkaza. Nilijivunia nguvu zangu siku ile. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama hakutikisika hata kidogo.

Miaka tisa baadaye askari waliingia avenyu yetu asubuhi, wakawapanga wanaume wote, mashati chini. Wakampandisha Ayoubu kwenye lori pamoja na wengine. Siku ya tatu tukaambiwa wameshazikwa, na tusiulize wapi. Hatukuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuhitaji mtu wa kunieleza ni mikono ya nani iliyomshika Ayoubu ili wembe upite.

Kwa hiyo Alhamisi ile mimi sikuona wino. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwaka huu unyasi uko kila mahali. Redio inataja miji inayoanguka upande wa mashariki. Wenye pikipiki wanaotoka Lubutu wanasema wanasimamishwa na kupekuliwa. Baba yake Djamali, anayefanya kazi ya madini huko Punia, amepiga simu mara moja tu mwezi huu akasema barabara si nzuri, na hakuwa anazungumzia matope. Mwanangu atakuwa kijana karibuni. Mtu akimvua shati akakuta kovu refu, hata akiwa mlevi ataelewa: hospitali. Akikuta vialama vinne vidogo, ataelewa anachotaka.

Yote haya nilimwambia Dokta nikiwa nimesimama, kwa haraka, nusu nikipiga kelele. Yeye akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ile sikuijua," akasema. "Kwetu haikukuwa vile. Lakini sikia na mimi, mama. Mutoto yako iko na SS."

Nilikuwa najua. Ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nimeishi nao tangu ana miezi minane. Damu yake inavunjika, macho yanakuwa manjano, mifupa inamuuma akilia mpaka sauti inakauka, na sasa damu hiyo iliyovunjika imemwekea mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mwaka huu peke yake amejikunja kwa maumivu mara nne. Mara ya mwisho homa ilimshika siku sita, akaanza kuniita kwa jina la shangazi yake.

"Nikifungua chini ya mbavu," Dokta akaendelea, "kila pumuzi itamuuma. Atakuwa anaiba pumuzi, kidogo-kidogo. Mapafu itajaa. Kwa mutoto wa SS, ile njo inauwaka, hapana nyongo. Kwa matundu, kesho anatembea."

"Basi toboa. Toboa ndani vile unataka. Halafu juu unikatie ngozi tu. Ngozi peke yake, mustari murefu, uunganishe matundu yako. Watu waone operesheni."

Akalitazama tumbo la Djamali. Nadhani hakuna mzazi aliyewahi kumwomba kitu cha namna hiyo, na kwa dakika moja niliona anakipima kweli.

"Hapana," akasema. "Sikati mutoto bila sababu."

"Sababu si nimekupa?"

"Kidonda kirefu kwa damu ya vile kinaweza kuoza. Naweza kukuandikia karatasi, na muhuri ya hospitali, iseme ni operesheni."

"Karatasi!" Nikacheka, cheko baya. "Ayoubu alikuwa na kadi ya shule mufukoni, na muhuri, na foto yake."

Akainuka kitandani. Kisha akaniambia kwa upole jambo ambalo lilinitia moto miguuni. Gesi ya kujaza tumbo, ile inayoliinua ili kamera ione, ilikuwa imebaki ya watoto wawili. Anaingia sasa na mtoto wa kwanza. Akitoka, kama saa tano, ni zamu ya Djamali. Kesho wanafunga masanduku, Jumamosi ndege. Mwaka huu hakuna mwingine atakayekuja, na mwakani hajui.

Alipoondoka, simu ikalia tena. Mama yangu, Salama, ana miaka sabini na moja, na alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu hospitali humpandisha presha. Bibiche, nilikuja kujua baadaye, ni jirani wa jirani yetu, na habari ya matundu ilikuwa imeshafika nyumbani kabla yangu.

"Wamemutoboa?"

"Bado, mama."

"Wasimutoboe, Aziza. Unanisikia? Umesahau?"

"Sijasahau."

Aliposema umesahau, mimi nilisikia: wewe njo ulimushika, wewe ndiye. Ndivyo nilivyomsikia siku zote. Katika miaka ishirini na mitatu hatujawahi kutaja chanjo za Ayoubu ndani ya nyumba yetu, hata mara moja, na kimya chake nilikihesabu kuwa hukumu.

Nikashindwa kukaa. Nilizunguka kitanda, nikatoka kwenye baraza, nikarudi, nikakunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji taa nyekundu ilikuwa inawaka. Jenereta ilikohoa nyuma ya jengo, ikanyamaza, ikashika tena, na mama wa yule mtoto aliyekuwa ndani akashika kichwa. Saa tatu na nusu. Saa nne na nusu. Nikauchomoa mfuko wa dripu kwenye msumari, nikampa Djamali aushike juu ya kichwa chake, nikamfunga kitenge mabegani, tukatoka.

"Tunaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nitakula?"

"Utakula."

"Basi twende," akasema, mtoto huyu, na macho yake ya manjano.

Tulikuwa tumelikaribia lango, mwenye pikipiki ameshaniona na kuwasha, niliposikia viatu vya plastiki vinakimbia nyuma yetu. Alikuwa Mzee Bakari. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji tangu kabla ya vita. Amestaafu, lakini Dokta alipokuja walimwita tena aoshe na kuchemsha vyombo, kwa sababu vile vyombo vyembamba vinataka mkono usio na haraka. Sisi Waislamu wa mji tunamjua kwa kazi nyingine pia. Mwanamume akifa, anayemwosha ni Mzee Bakari.

"Mama Djamali, simama."

"Niache, Papa Bakari. Nimechoka na maneno."

"Nilisikia yote. Ule ukuta ni mbao tu." Alikuwa anahema. "Mutoto akae kwanza kwenye kivuli."

Djamali akakaa kwenye ngazi za ofisi, mfuko wa maji juu ya kichwa. Mzee akanivuta hatua chache. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yake, iliyojikunja kwa maji ya moto.

"Wale wa lile lori," akasema, "niliwaosha mimi."

Sikuelewa mara moja. Au nilielewa, kwa maana nilijikuta nimeushika mlingoti wa bendera.

"Walinitoa hapa, kwa kazi, wakanipeleka. Wakasema uko na saa moja, kisha tunafukia. Watu kumi na mumoja. Maji ilitosha watu wane. Wengine niliwafanyia tayamamu, kwa muchanga. Aziza, muosha hasemi kile aliona kwa mwili ya muntu. Njo amana. Sijasema hata kwa muke yangu mpaka akakufa. Leo ninasema, Mungu anisamehe, maana muosha naye anaoshwa, na siku yangu iko karibu, na sitaki nikamukute huyu mutoto amenitangulia."

"Sema."

"Wenye chanjo walikuwa watatu. Ayoubu ndani yao. Wengine, ngozi safi, hakuna kitu. Na mumoja alikuwa mwalimu Rémy. Hakukuwa Mwislamu, lakini nilimuosha vilevile. Alikuwa na kovu toka kifuani mpaka chini ya kitovu. Lile kovu nalijua. Tulimupasua hapa, wiki mbili kabla, matumbo yalijikunja. Stima hakuna, mimi njo nilishika taa. Nyuzi zilikuwa bado. Walimuua na nyuzi zake ndani ya tumbo."

Mwenye pikipiki akapiga honi. Mzee akamwashiria kwa mkono aondoke.

"Sasa uniambie. Kovu kubwa lilimusaidia nini?"

"Basi mashati waliwavulisha kwa nini?"

"Sijui. Walitumwa kuleta watu, wakaleta watu. Muntu akitafuta sababu, hakosi."

Nilidhani mtu akiondolewa mzigo wa namna ile anashukuru. Mimi nilimchukia. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mama yangu, miaka yote hii, anamwona sokoni, anamwamkia, anapokea sahani ya pilau kwetu kila Idi, na amana yake iko tumboni imetulia. Nilimwita majina ambayo mzee haitwi. Hakujitetea. Alisema tu, "Hakuna aliniuliza," nami nikajua kwamba yeye pia hakuwa amelala vizuri tangu mwaka ule.

Lakini sikumchukia kwa ajili ya kunyamaza. Nilimchukia kwa kusema. Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa na sheria moja: mtoto nitakayemzaa asiwe na alama ndogo mwilini. Djamali nilimkagua kila alipooga. Akikwaruzwa na waya niliisugua ngozi kwa mafuta ya mawese mpaka ikarudi rangi yake. Sheria ile ilikuwa imenigharimu mdogo wangu, ilinichoma kila siku, lakini ilikuwa yangu, na nikiifuata mtoto anaishi. Sasa Mzee Bakari ameniambia hakuna sheria. Wanaweza kuja, na wakija hakuna ngozi itakayowafaa. Afadhali ingekuwa chanjo. Wallahi, afadhali lingekuwa kosa langu.

Hapo Djamali akaguna. Nilipogeuka, mfuko wa dripu ulikuwa umeanguka ngazini, damu inapanda kwenye mpira, na yeye amejikunja, mkono chini ya mbavu za kulia. Hakulia. Alikuwa anaiba pumuzi, kidogo-kidogo, kama Dokta alivyosema.

Nikambeba. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Nilitembea naye kurudi wodini, Mzee Bakari akiinua mfuko nyuma yetu, na njiani nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwa hasira, kama mtu anayebishana: bunduki siwezi kuizuia, sikuizuia jana na sitaizuia kesho. Mawe yanatolewa saa tano.

Dokta alikuwa ametoka, kofia bado kichwani. Sikumpa nafasi ya kuuliza.

"Karatasi ya kusaini iko wapi?"

Alizitia tena nukta zake. Mimi ndiye niliyeshika shati la mtoto juu, na niliyemwambia asicheke maana kalamu inamtekenya. Dokta akampa dawa ya maumivu, akangoja apumue vizuri, akamfunika blanketi mbili, kwa sababu watoto wa SS hawatakiwi kupata baridi, kisha wakamsukuma ndani. Nikabaki nje na viatu vyake mkononi.

Saa ile na nusu sitaki kuirudia. Jenereta ilizimika mara moja. Nilihesabu mpaka arobaini na mbili ndipo ikashika. Simu ililia mara kumi na moja, sikupokea. Nilienda bombani nikanawa, nikarudi, nikaenda tena. Nilisali rakaa ambazo sikumbuki nilizimaliza vipi. Bibiche akaniletea kiti, nikamwambia akae yeye, na ni kweli akakaa, akala na karanga zake.

Dokta alipotoka alikuwa na kikombe cha plastiki. Kwetu ndugu lazima waonyeshwe kilichotolewa, na Mzee Bakari alikuwa amemwambia. Ndani mlikuwa na mawe saba, meusi, kama mbegu za papai.

"Hakukutokwa damu ya maana," akasema. "Iko anapumua muzuri. Pumuzi nzima."

Nilitaka kumshukuru. Nikamwuliza kwa nini amechelewa.

Mama alikuja kesho yake asubuhi, presha au si presha, na termosi ya uji. Alipita katikati ya wodi bila kusalimu mtu. Djamali alikuwa amekaa kitandani. Usiku alikuwa amelala, na alfajiri alitembea mpaka dirishani na kurudi, akijionyesha. Mama akainua shati lake. Akazitazama plasta nne, moja moja, kama anayesoma. Kisha akanigeukia mimi.

"Umekubali," akasema. "Umekubali tena."

Hilo neno la mwisho nilikuwa nimelingoja tangu nina miaka kumi na tisa. Na lilipofika, sikuanguka.

"Haikukuwa chanjo, mama."

"Nini?"

"Ayoubu. Haikukuwa chanjo. Kuna muntu aliwaona wote, mwisho. Ameniambia jana. Walikuwa kumi na mumoja, na wenye chanjo walikuwa watatu tu. Wengine hawakukuwa na kitu. Mumoja alikuwa na kovu la operesheni, mubichi, na nyuzi. Walimuua na yeye."

Mama hakuuliza ni nani. Katika mji huu kuna watu wachache wanaowaona watu mwisho. Aliweka termosi chini, polepole, kisha na yeye akakaa chini, sakafuni, pale pale, mwanamke ambaye hakai hata kwenye jamvi la jirani bila kulipangusa.

"Kwa hiyo," akasema, "hata kama singewatuma?"

"Hata kama usingetutuma."

"Mimi njo nilisema muende kwa yule muganga. Wewe ulikuwa mutoto. Ulikataa, unakumbuka? Ulisema mutoto atalia. Nilikuchapa ili uende."

Sikukumbuka. Nilikumbuka mikono yangu tu. Hilo la kuchapwa lilikuwa lake, amekaa nalo peke yake chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi, akingoja siku nitakayomwuliza. Na mimi nilikuwa nangoja siku atakayoniuliza yeye. Kila aliponiambia umesahau, alikuwa anajiambia mwenyewe.

Nikakaa naye sakafuni. Siku ile ya 2002 hatukulia. Tuliogopa majirani wasije wakatusikia, na baadaye kila mmoja alijiona hana haki. Sasa tulilia mbele ya wodi nzima, mbele ya Bibiche na karanga zake, kwa sauti, hata Djamali akatuomba tunyamaze watu wanatazama. Hatukunyamaza. Miaka yote ile tulikuwa tumelilia makosa yetu. Asubuhi ile tulimlilia Ayoubu.